Je, Wajua? Nyumbu wa Serengeti na Chanjo ya Ng'ombe

Je, wajua kwamba misururu ya nyumbu tunayoiona kwenye kila kalenda ya utalii ni mambo ya juzi tu? Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Sensa ya mwaka 1961 ilikuta nyumbu wapatao 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Mvua za kiangazi zilisaidia, lakini sifa kubwa inawaendea watu ambao pengine hawakuwa na habari na nyumbu hata kidogo: wachanjaji wa ng'ombe.

Kisa chenyewe kinaanza na sotoka. Ugonjwa huu uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini kwa kasi, na kufikia 1897 ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Ng'ombe walikufa, nyati wakafa, nyumbu wakafa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipopita Umasaini mwaka 1892 alikuta watu wamebaki mifupa kwa njaa, maana mfugaji asiye na ng'ombe amenyang'anywa maziwa, nyama na mahari kwa mpigo. Watu na mifugo walipopungua, vichaka vilifunga nchi, na mbung'o wakapata makazi. Wageni waliokuja baadaye wakadhani pori lile lilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia!

Kwa nini nyumbu hawakuongezeka kwa miaka yote iliyofuata? Ndama alizaliwa na kukua vizuri, akilindwa na kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama. Baada ya miezi kadhaa kinga ile ilikwisha, na sotoka ikamkuta kabla hajatimiza miaka miwili. Hapo ndipo chanjo ilipogeuza mambo. Katika maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, alitengeneza chanjo rahisi na imara. Ng'ombe wa kuzunguka Serengeti wakachanjwa kwa wingi. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilitoweka kwao pia. Kumbe chanzo kilikuwa zizini.

Ajabu haikuishia hapo. Nyumbu milioni moja hula majani mengi. Majani yakipungua, moto wa kiangazi unakosa cha kuunguza, na miche ya miti inapona. Kwa hiyo baadhi ya miti unayopiga picha leo huko Serengeti imeota kwa hisani ya chanjo.

Je, wajua kwamba nyumbu naye huwaambukiza ng'ombe? Majike wengi huzaa karibu kwa pamoja, Januari hadi Machi, kwenye mbuga za majani mafupi za kusini, na ndama wao hubeba kirusi kinachomuua ng'ombe. Wamasai wanalijua hili tangu zamani, na msimu huo huwaondoa ng'ombe wao, ingawa ndipo malisho yanapokuwa matamu kuliko wakati wowote.

Mwaka 1994 maradhi yalitoka tena upande wa watu. Kirusi cha homa ya mbwa kiliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja wakafa. Tangu hapo mbwa wa vijiji vya jirani wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa hiyo na kichaa cha mbwa.

Sotoka yenyewe ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Homa ya mbwa na kichaa bado vipo. Basi wewe unayefuga mbwa Mugumu, Bunda au Loliondo, siku ya chanjo ikitangazwa mfunge kamba umpeleke.