Sauti ya Wawili, Ruhusa ya Mmoja (2)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi programu inavyoomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Swali la leo ni gumu zaidi: kwa nini programu hiyohiyo, ikiwa na ruhusa hiyohiyo, hushindwa kurekodi maongezi ya simu? Ndani ya Android kuna chanzo cha sauti kinachobeba pande zote mbili za maongezi, kinaitwa VOICE_CALL, lakini hufunguliwa kwa programu za mfumo tu, zile zinazokuja na simu kutoka kiwandani. Waandishi wa programu wakatafuta vichochoro. Walinasa sauti kwa maikrofoni, Android 10 ya mwaka 2019 ikaziba. Wakahamia kwenye huduma zilizowekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu, hadi Google ilipopiga marufuku njia hiyo katika duka lake la Play kuanzia Mei 11, 2022.

Naiona marufuku hiyo kuwa ya haki. Ruhusa hutolewa na mwenye simu, ilhali sauti inayorekodiwa ni ya watu wawili. Anayebonyeza “Ruhusu” akiwa Dar es Salaam anatoa sauti yake, na papo hapo anatoa ya mwenzake aliye Tabora ambaye hakuulizwa chochote. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inayataja mawasiliano binafsi ya mtu miongoni mwa mambo yanayostahili hifadhi, na huyo wa Tabora naye ni mtu.

Je, anayetishwa na mdai, au anayesumbuliwa na tapeli wa “tuma kwa namba hii”, apate wapi ushahidi? Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Lakini programu inayoweza kumnasa tapeli kimyakimya ndiyo hiyohiyo ambayo mume mwenye wivu ataificha ndani ya simu ya mkewe, na mfumo hauna namna ya kuwatofautisha.

Lawama ninayoikubali ni ya upendeleo, kwa kuwa zipo simu ambazo programu zake za kiwandani hurekodi bila kumjulisha wa upande wa pili. Apple, ilipoleta kurekodi katika iOS 18.1 mwezi Oktoba 2024, iliweka tangazo linalosikika na wote wawili. Android nayo ingeweza kumfungulia kila mwandishi wa programu mlango huo, mradi tangazo litolewe na mfumo wenyewe, na programu isiweze kulinyamazisha.