San Andreas Yenye Ukungu

Gemu ya zamani hutolewa upya kwa namna mbili, na wachezaji wengi huzichanganya. Kuna iliyong'arishwa: misheni na sauti za wahusika ni zile zile, ila picha zimesafishwa ziendane na televisheni za sasa. Na kuna iliyojengwa upya tangu msingi, ambayo imebakiza jina, wahusika na hadithi, na hata hadithi wakati mwingine huguswa.

Mfano wa namna ya kwanza unajulikana hadi Mbalizi. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2. Katika mabanda ya gemu ya miji ya barabarani kama huu, njiani kutoka Mbeya kwenda Tunduma, gemu za enzi hiyo zilichezwa kwenye televisheni ya kichogo, mteja akilipia muda, pembeni pakiwa na daftari la chiti zilizonakiliwa kwa mkono. Memori kadi ya MB 8 ilikuwa ya wote. Aliyefika mbali jana aliweza kukuta leo mwenzake amehifadhi juu ya kazi yake, naye akaanza upya bila kumjua wa kumlaumu.

Mashine yenyewe ilikuwa na memori ya MB 32 tu. Haikuweza kuchora nchi nzima kwa mara moja, hivyo watengenezaji wakaufunika upeo wa macho kwa ukungu, na kilichochorwa ni kile kilicho karibu na mchezaji. Hila hiyo ikazaa uzuri. Kutoka mji wa Los Santos hadi ule wa San Fierro kulionekana safari kwelikweli, kwa sababu mwisho wa nchi haukuonekana. Wakazi wa Mbalizi hawahitaji kuelezwa: asubuhi ya msimu wa mvua, ukungu ukishuka, safu ya milima ya Mbeya hupotea na barabara huonekana haina mwisho.

Toleo lililong'arishwa lilipotoka Novemba 2021, ukungu haukuwapo. Anayeruka na ndege aliiona miji yote mitatu ya gemu imebanana kama vibanda vya gulioni. Mvua nayo ilichorwa kwa mistari mizito iliyoziba njia, na baadhi ya nyimbo za redio hazikuwamo kwa sababu ya haki miliki. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, iliomba radhi mwezi huo huo na kurudisha sokoni matoleo ya zamani ya kompyuta iliyokuwa imeyaondoa. Mwonekano wa awali, pamoja na ukungu, ulirudishwa kwa maboresho ya Novemba 2024. Aliyeanza na toleo la 2021 angeapa kwamba San Andreas siku zote ilikuwa kijinchi kidogo.

Kwa gemu iliyojengwa upya, tofauti huonekana kwenye vidole. Katika Resident Evil 4 ya mwaka 2005, mhusika mkuu Leon hawezi kutembea huku amelenga bunduki: ama anapiga, ama anakimbia. Maadui waliundwa kwa kufuata kilema hicho, ndiyo maana husogea taratibu, wakimpa nafasi ya kuamua. Jiwe kubwa likiporomoka, mchezaji hubonyeza kitufe mfululizo ili amwokoe, zoezi ambalo si rafiki wa pedi za banda. Katika toleo la Machi 2023 Leon hulenga akitembea na kukinga mapigo kwa kisu, na maadui nao wameongezewa kasi. Anayetoka la zamani kwenda jipya huona amefunguliwa pingu. Anayerudi nyuma huona pedi imeharibika, na wengi huacha kabla ya kumaliza kijiji cha kwanza.

Final Fantasy VII ni kesi ya pekee. Toleo la 2020 linachukua sehemu ya mwanzo tu ya gemu ya 1997, tena huchezea kumbukumbu za aliyeimaliza ile. Asiyeijua atabaki akiuliza baadhi ya viumbe wametoka wapi.

Kuipata ya zamani kuna vikwazo vyake. PlayStation 5 haisomi CD za PlayStation 2, hivyo hutafutwa mashine yenyewe iliyotumika. San Andreas ipo kwenye simu za Android tangu Desemba 2013, lakini nayo imebadilishwa kiasi, na kuendesha gari kwa kidole juu ya kioo ni adhabu. Aliyebahatika kupata mashine na asiifunge kwenye televisheni bapa kama ya kichogo bado ipo. Picha zile zilichorwa kwa ajili ya kioo cha kichogo, kinacholainisha kingo zake. Kwenye bapa hutoka mabonge mabonge, na lawama hubebeshwa gemu.