Gari Linanunuliwa, Kituo Hakijengwi

Serikali kuu ya Marekani ina mfuko wa ruzuku kwa vikosi vya zimamoto. Unanunua gari, mipira ya maji, redio, hata makoti. Kijiji kidogo huchangia asilimia 5 tu. Ila kujenga kituo kipya, hapana. Sharti hilo halijanitoka kichwani, maana kwenye baridi kali gari likilazwa nje, maji huganda na kupasua pampu.

Mkuu wa kikosi kimoja cha kujitolea kijijini, mama mwenye ajira yake nyingine, alinieleza maisha ya kituo chao, kilichojengwa zama za magari madogo. Gari la sasa hupita mlangoni kwa kukunjwa vioo, na lazima mtu asimame mbele aliongoze kwa mikono, huku nyumba ya jirani inawaka. Makoti yametundikwa ukutani, hatua moja kutoka kwenye ekzosi. Injini ikiwashwa, moshi wa dizeli unaingia kwenye kitambaa. Wanavaa, wanakwenda, wanarudi na masizi ya moto, wanatundika palepale. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba kazi ya uzimamoto husababisha saratani. Mama huyu haombi jengo la fahari. Anaomba chumba cha makoti chenye mlango unaofungika.

Pesa zitoke wapi? Kuna mkopo wa wizara ya kilimo, ambayo ndiyo hushughulikia vijiji. Kuna asubuhi za kuuza chapati za maji na kahawa. Na kuna kodi ya majengo, ambayo wanakijiji, wengi wao wastaafu, wanaipigia kura. Mkuu huyo huwaeleza habari za bima: nyumba iliyo zaidi ya kilomita 8 kutoka kituo kinachotambuliwa huwekwa daraja la mwisho, na malipo yanapanda. Hapo, anasema, hata mbishi husikiliza.

Lakini Berry Creek, California, je? Moto wa Septemba 2020 uliua watu 16 katika eneo lile, ukateketeza nyumba, shule na kituo chenyewe cha zimamoto. Kodi itatozwa kwenye majengo gani, ilhali yamebaki majivu?

Mwaka 2009, uchumi ulipoyumba, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 210 za kujenga vituo vya zimamoto. Kwa hiyo inawezekana. Mbona mpaka uchumi uanguke?