Raia na Mwananchi Mpakani: Masafu, Busia na Swali la Umma katika Demokrasia ya Kiliberali

Mijadala kuhusu misukosuko ya demokrasia ya kiliberali katika Afrika Mashariki imejikita zaidi katika taratibu: uhuru wa tume za uchaguzi, ukomo wa mihula ya urais ulioondolewa nchini Uganda mwaka 2005, au hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya iliyobatilisha uchaguzi wa urais mnamo Septemba 2017. Masuala hayo ni mazito, lakini yote huchukulia kwamba umma unaopiga kura umekwisha kujulikana. Katika eneo linaloanzia Masafu, wilayani Busia nchini Uganda, hadi Tororo kwa upande mmoja na kaunti ya Busia nchini Kenya kwa upande mwingine, dhana hiyo haisimami kwa urahisi.

Rawls alijenga nadharia yake ya haki (1971) juu ya jamii iliyofungwa, yaani iliyotengwa kinadharia na jamii nyingine. Dahl (1970) alikwisha kubainisha kwamba wanafalsafa wa demokrasia walilipuuza swali la jinsi “watu” wanavyopatikana. Whelan (1983) akalikaza zaidi: umma hauwezi kujiainisha kwa kura, kwa kuwa ni lazima kwanza ijulikane nani ana haki ya kuipiga kura hiyo.

Kwa Wasamia jibu lilitolewa na wakoloni. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka, ambao kwa sehemu hufuata mto Sio, ukawaacha Wasamia pande zote mbili. Wateso nao waligawanywa. Katiba ya Uganda ya 1995 haikuufuta urithi huo; iliuhifadhi. Ibara ya 10 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa jamii ya wenyeji iliyokuwa ikiishi ndani ya mipaka ya nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Katiba ya Kenya ya 2010 huangalia uraia wa mama au baba siku mtoto alipozaliwa. Mtu mmoja wa ukoo uliotanda ng'ambo zote mbili anaweza basi kutimiza vigezo vya nchi mbili, au akashindwa kuthibitisha hata kimoja.

Ukoo wa Awori unatoa mfano ulio wazi. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, akashika nafasi ya tatu, na alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini. Kwa miaka kadhaa ndugu hao wawili walizungumza kwa niaba ya umma mbili ambazo nadharia huzichukua kuwa tofauti kabisa.

Kiswahili chenyewe kina majina mawili ya mhusika mkuu wa demokrasia. “Raia” limetokana na neno la Kiarabu lililohusu wanaochungwa, kisha watawaliwa. Limegeuzwa likawa jina la mwenye haki za kisheria. “Mwananchi” ni mwana wa nchi, na nchi hapa yaweza kuwa ardhi kabla ya kuwa dola. Mkazi wa Masafu mwenye jamaa Funyula ni raia wa dola moja, lakini uwana wake wa nchi haukomei mtoni. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba neno la pili ndilo lenye wema. Orodha ya jamii za wenyeji katika Katiba ya Uganda ni uwananchi uliogeuzwa kuwa sharti la sheria, na Waasia walioishi Uganda kwa vizazi hawamo. Mamdani, ambaye utafiti wake wa 1996 unaonyesha jinsi dola ya kikoloni ilivyotenganisha raia na mtawaliwa wa kikabila, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa Uganda mwaka 1972.

Athari za mgawanyiko huu huonekana maamuzi yanapovuka mpaka bila kura kuvuka. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mafuta yaliadimika Uganda, na wakimbizi Wakenya walipokewa Mulanda, wilayani Tororo. Wakazi wa Tororo hawakuwa na sauti katika uchaguzi huo. Machi 2020 Uganda ilipoifunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya UVIKO-19, wachuuzi wa upande wa Kenya hawakuwa na mbunge wa kumlalamikia Kampala.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 vimerahisisha upitaji wa watu na bidhaa. Uwakilishi haukufuata. Kwa mujibu wa ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya, wabunge tisa wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na bunge la taifa lao. Pendekezo la kuwachagua moja kwa moja lina uzito, lakini kwa Busia halitoshi: mpigakura wa Masafu angechagua tisa wa Uganda, na wa Funyula tisa wa Kenya. Washauri wa sera wangefanya vyema kuanza na jambo dogo zaidi, yaani baraza la pamoja la wilaya na kaunti hizo, lenye wajumbe waliochaguliwa, ambalo kwa sheria lazima lisikilizwe kabla ya ushuru wa masoko kubadilishwa au mpaka kufungwa, na ambalo vikao na kumbukumbu zake ni vya Kiswahili.