Je, Wajua? Kinachotupwa Mtaroni Huishia Ziwani

Bujumbura imekaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mito Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi, hukatiza mitaa yetu na kumwaga ziwani kila ilichokikuta njiani. Kwa hiyo mazingira ya mji huu hutunzwa kwanza jikoni, bombani na sokoni. Haya ni machache ya kujua, na ya kufanya.

JE, WAJUA kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka ziwani? Shirika la maji na umeme, REGIDESO, huyavuta, huyasafisha, kisha huyasukuma hadi mitaani. Oili chafu ya gari ikimwagwa mtaroni, huteremka kuelekea ziwa hilo hilo. Fundi, weka dumu la kukusanyia oili kando ya karakana yako. Nawe unayekaanga sambusa, usimwage mafuta yaliyoungua kwenye mfereji.

JE, WAJUA kwamba Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi? Kina chake hufika mita 1,470 hivi. Lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Maji hupaa, uchafu hubaki. Ziwa la namna hii likichafuka, kulisafisha ni kazi ya vizazi na vizazi.

JE, WAJUA kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Burundi kwa amri ya rais ya Agosti 2018? Watu walipewa miezi 18 ya kujiandaa, na marufuku ikaanza kutekelezwa Februari 2020. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Ukienda soko la Ruvumera, toka nyumbani na kikapu chako. Mfuko wa kitambaa nao hukunjwa ukaingia mfukoni, hivyo haukosi nafasi.

JE, WAJUA kwamba chupa ya plastiki inaweza kukuzimia taa? Taka zinazosombwa kutoka Bukavu na kandokando ya Ziwa Kivu huziba mitambo ya mabwawa ya Mto Ruzizi, ambayo umeme wake hutumiwa na Kongo, Rwanda na Burundi. Ukiweza kuchagua, nunua soda ya chupa ya kioo. Chupa tupu hurudi kwenye kreti, huoshwa na kujazwa tena, mara nyingi sana kabla haijachakaa.

JE, WAJUA kwamba kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni katika tanuri la kienyeji? Zaidi ya tisa ya kumi ya nishati inayotumika Burundi hutokana na kuni na mkaa. Kila gunia linaloteremshwa mjini limeacha kisiki mlimani. Nunua jiko lenye udongo wa kuchoma ndani, kwani hulinda joto kuliko la bati tupu. Funika sufuria. Chakula kikianza kuchemka, punguza mlango wa hewa. Ukimaliza, usimwagie makaa maji: yatie kwenye kopo la bati, ufunike vizuri. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka tena.

JE, WAJUA kwamba maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka zaidi? Asubuhi mwaga maji ya kulowekea na utie mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika ishirini, usipunguze, maana maharage mabichi yana sumu inayokufa kwa kuchemka. Kisha epua sufuria ikiwa imefunikwa, itie kwenye kapu lenye majani makavu ya migomba, uizungushie blanketi kuukuu. Joto lililomo litaendelea kuivisha wakati jiko limezimwa. Kabla ya kula, yarudishe motoni yachemke tena na uonje kama yameiva.

JE, WAJUA kwamba zaidi ya nusu ya taka za miji ya Afrika ni vitu vya kuoza? Maganda ya ndizi, ya mihogo na ya viazi hayana sababu ya kulipiwa gari hadi jalala la Buterere. Yarundike kwenye kona ya ua, changanya na majani makavu na udongo, geuza mara kwa mara. Baada ya miezi michache utapata mbolea nyeusi isiyonuka. Ijaze kwenye gunia, upande lengalenga. Kwa joto la Bujumbura, mboga hiyo huweza kuchumwa baada ya wiki nne hivi.

JE, WAJUA kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji? Paa la mita 50 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000. Weka mfereji wa bati na pipa, acha mvua ya dakika za mwanzo ioshe paa kwanza, kisha kinga ya kufulia na kudekia. Maji unayoyakinga hayaendi kuongeza mafuriko. Februari 2014, mvua ya usiku mmoja iliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini mwa mji huu. Na usizibe mtaro kwa taka. Jirani wa bondeni ndiye atakayelipa.

JE, WAJUA kwamba bomba linalovuja tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku? Hiyo ni ndoo nzima. Kipande kidogo cha mpira humaliza tatizo.

JE, WAJUA kwamba bwawa la Rwegura, lenye uwezo wa megawati 18, hutegemea maji ya msitu wa Kibira? Miti ikikatwa, udongo hujaa bwawani na umeme hupungua. Balbu ya LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme unaoliwa na balbu ya zamani ya waya. Ibadilishe, nawe utakuwa umeusaidia msitu huo ukiwa sebuleni.

JE, WAJUA kwamba ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupoa? Mapumziko hayo huwapa samaki nafuu. Mnunuzi naye ana nguvu yake: samaki aina ya mukeke akiwa mchanga, hajazaa, usimnunue. Ukinunua ndagala wakavu, chagua walioanikwa juu ya kichanja, kwani hawana mchanga na hawaharibiki upesi.

JE, WAJUA kwamba kuchoma plastiki uani ni kuwavutisha watoto wako sumu? Moshi wake hausafiri mbali kabla ya kuingia dirishani. Itenge, uipeleke inapokusanywa.

JE, WAJUA kwamba kampeni ya kitaifa ya upandaji miti, Ewe Burundi Urambaye, ilianza mwaka 2018? Kupanda ni siku moja. Kumwagilia ni msimu mzima wa kiangazi. Kwenye kazi za jamii za Jumamosi, omba mche wa mwembe au wa mparachichi, uupande mahali utakapouona kila siku, uuzungushie miti mbuzi wasiufikie.

Mambo haya hayahitaji mradi wala mfadhili. Chagua mawili ambayo nyumba yako inayaweza wiki hii, uyazoee, kisha ongeza la tatu. La kwanza linaweza kuanza leo kabla ya kulala: loweka maharage ya kesho.