Mlinzi wa Mufulira katika Lindo la Gisenyi

Askari ajuaye uzito wa lindo ataielewa habari hii upesi. Mnamo Januari 2016 mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, unaopakana na Goma kando ya Ziwa Kivu, uliipokea timu ya Zambia katika fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za nyumbani. Mwalimu wake alikuwa George Lwandamina, ambaye ujanani alikuwa beki wa Mufulira Wanderers na wa taifa lake.

Vijana wake waliifunga Zimbabwe 1-0, wakaifunga Uganda 1-0, kisha wakatoka suluhu na Mali. Mpenda mvua ya mabao huenda alipiga miayo. Sisi twauhesabu ulinzi huo kuwa kandanda halisi. Tarehe 31 Januari, katika Uwanja wa Umuganda, robo fainali dhidi ya Guinea ilimalizika 0-0 baada ya dakika 120. Jumla dakika 390, na nyavu za Zambia hazijatikiswa! Ndipo ikaja mikwaju ya penalti, ambapo beki hana la kufanya ila kumtazama kipa wake. Guinea 5, Zambia 4.

Mwaka huohuo Lwandamina aliifikisha ZESCO United nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, na mwezi Novemba akajiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Msimu huo wa 2016/17 Yanga na Simba zilimaliza ligi zikiwa na pointi 68 kila moja. Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao.