Mjusi wa Tendaguru Azuka Ohio

Wahenga wetu walinena kwamba kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Maneno hayo, ndugu msomaji, ni mafupi, lakini siri yake nimeiona waziwazi katika nchi ya mbali, tena kwa jambo ambalo wengi wetu wa pwani tungelipita bila ya kulitupia jicho: kutengeneza nyumbani vazi la dinosaria kwa ajili ya siku wanayoiita Halloween.

Tuanze na siku yenyewe. Ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya Watakatifu Wote. Asili yake hutajwa kuwa ni Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti wa Ireland na Scotland, ya kufunga mavuno na kuipokea baridi, wakati ambapo wao walidhani kuwa mizimu hutembea. Wahamiaji wa nchi hizo waliivusha bahari katika karne ya 19 wakaifikisha Marekani. Leo huko imekuwa zaidi ni siku ya watoto. Huvaa mavazi ya kila namna, hubisha hodi mlango kwa mlango, wakapewa peremende. Maboga huchongwa nyuso, yakatiwa mshumaa ndani na kuwekwa vizingitini.

Miongoni mwa mavazi hayo, dinosaria hakosekani. Jina hilo lilitungwa mwaka 1842 na mwanachuoni Mwingereza, Richard Owen, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Filamu ya Jurassic Park ilipotoka mwaka 1993, dunia nzima ilishika roho mikononi, na kumbe baadhi ya wanyama wale walikuwa ni watu waliojitia ndani ya mavazi! Tangu mwaka 2015 pameenea madukani vazi la dinosaria la kujazwa upepo, na kila mtaa una watoto wawili watatu wanaolivaa. Walakini kuna watu wasioridhika na mfuko wa upepo. Hao hufunga mikono ya shati wakaunda mnyama wao wenyewe, na kazi yao si mchezo.

Mwaka 2023 nilikuwa mgeni wa mpwa wangu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Mumewe ni mzaliwa wa Mombasa, fundi wa makochi. Mtoto wao wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekwisha kumsumbua babake tangu Septemba, ataka kuwa dinosaria. Mama mtu alikataa katakata.

"Mjomba," aliniambia, "sikuja huku kumlea mwanangu akafuata sikukuu za mizimu."

Mumewe hakubishana naye. Alitaka shauri la kati: vazi litengenezwe, ila mtoto asilivae usiku wa Halloween wala asizunguke milangoni mwa watu. Maktaba ya mtaa ilikuwa na siku ya watoto kuvaa mavazi, Jumamosi mchana, tarehe 28. Avae huko, basi. Tena fundi akaongeza hoja ya ufundi, kwamba sponji hushika moto upesi mno, na usiku ule kila kizingiti kina mshumaa. Hoja hii ndiyo iliyomlainisha mama.

Likaja swali la pili, nalo ni la mnyama gani. Mtoto alimtaka Tyrannosaurus, yule mfalme wa sinema. Babake akamchukulia futi ya kupimia. Mifupa ya Tyrannosaurus iliyoko katika jumba la Field Museum mjini Chicago ina urefu wa zaidi ya mita 12, na nyonga zake ziko zaidi ya mita tatu na nusu kutoka ardhini. Mtu akijitia ndani ya huyo, atakalotoa ni kikaragosi. "Ukitaka cha kweli," alimwambia, "tafuta mnyama mwenye kimo chako." Wakafungua vitabu, na hapo wakamkuta Elaphrosaurus, dinosaria mwembamba wa miguu miwili, urefu wake yapata mita sita, ambao mwingi ni shingo na mkia. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, bara ya Lindi, katika nchi ya Tanzania. Fundi aliruka kwa furaha. "Huyu wa kwetu!" akasema.

Kazi ilianza kwa kuku. Naam, kuku wa kuchinjwa, aliyeliwa mchuzi, mifupa ya miguu yake ikasafishwa na kupangwa mezani. Wanachuoni wa elimu hii wasema kuwa ndege ndio ukoo wa dinosaria uliosalia. Mtu akitazama mguu wa kuku hudhani kuwa goti lake limepinda nyuma. Kumbe lile si goti, ni kisigino kilichoinuka, na goti lenyewe limefichika juu, ubavuni. Asiyejua hilo, vazi lake litakuwa ni mtu aliyefunikwa blanketi.

Baada ya hapo fundi alifinyanga kwa udongo mnyama mdogo wa kiasi cha mkono, akamfunga kwa nailoni na utepe wa karatasi. Akachora mistari ya mishono, akakata utepe ule vipande vipande kama afanyavyo kwa kiti, kisha akavikuza vipande hivyo kuwa vigezo vya karatasi kubwa. Kwa vigezo hivyo alikata magodoro makuukuu ya sponji, akitumia kile kisu cha umeme ambacho Wamarekani hukatia bata mzinga. Vipande viliunganishwa kwa gundi ya viatu, milango ikiwa wazi, maana harufu yake hulevya na kudhuru.

Ndani ya mwili mliwekwa shanta ya wapanda milima, yenye mkanda wa nyonga. Hapo ndipo palipo na hekima yote ya vazi. Uzito ukikaa mabegani, mtoto hachukui dakika kumi. Ukikaa nyongani, aweza kutembea. Paipu nyepesi za plastiki zilitoka mbele kushika shingo na nyuma kushika mkia, na fundi alipunguza na kuongeza hadi kichwa na mkia vikalingana kama mizani ya dukani. Picha za zamani zilimwonyesha dinosaria wa miguu miwili amesimama wima, aburura mkia. Elimu ya leo yasema la, mgongo ulilala na mkia ulielea. Viganja navyo havikutazama chini, bali vilitazamana kama vya mtu apigaye makofi. Ya mkia ulipunguzwa urefu, kwani mlango wa nyumba haukuruhusu.

Ngozi ilikuwa ni utomvu wa mpira, uliopakwa juu ya sponji tabaka baada ya tabaka. Kabla yake magamba yalichorwa kwa ncha ya chuma cha moto, na mikunjo ya shingo ikafanywa kwa karatasi laini za chooni zilizoloweshwa katika utomvu ule ule. Macho yalikuwa ni nusu tufe za plastiki, zilizopakwa rangi kwa ndani. Taya lilifunguka kwa waya wa breki ya baiskeli uliofika mkononi mwa mtoto. Rangi hakuna ajuaye ya mnyama huyu. Wakaazima ya paa: mgongo wa udongo na tumbo jeupe.

Kilichobaki kilikuwa ni meno, na hapo pakawa na msukosuko. Fuvu la Elaphrosaurus halikupatikana Tendaguru. Lakini jamaa yake mmoja wa China, Limusaurus, aliyetangazwa mwaka 2009, akikua hana meno, ana mdomo mithili ya ndege. Wenziwe wa shule walimcheka mtoto: dinosaria gani kibogoyo? Siku mbili hakusema na mtu. Babake alimwekea mezani udongo wa kufinyangia meno, akamwachia achague mwenyewe. Siku ya tatu aliuchukua udongo ule, akaufanya mdomo.

Msomaji ataniuliza, na hukumu yake? Mimi si mufti. Wako wanavyuoni wanaokataza kabisa kuiga sikukuu za wengine, na mama yule alishika kauli hiyo. Ama vitu vya kuchezea watoto, twasimuliwa kuwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na farasi wa matambara mwenye mbawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona alicheka. Kila mzazi na apime.

Jumamosi ile maktaba ilijaa dinosaria wa upepo, wakicheza na kuangukiana. Wetu aliingia polepole, shingo mbele, mkia ukiyumba. Watoto walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, meno yake yako wapi? Sauti ikatoka shingoni, penye wavu wa kuonea, ikaeleza fuvu lililokosekana, jamaa wa China, na kilima cha Tendaguru. Mtoto yule alitaka kuogofya watu, lakini siku ile alikuwa akiwafundisha. Mamake alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Jioni nilimwongezea mjukuu wangu lililobaki. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walipochimba Tendaguru, wachimbaji na wapagazi walikuwa ni watu wa nchi ile, waliofika hata mia tano, na mizigo ya mifupa waliichukua kwa miguu siku kadha wa kadha mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ile ndiyo iliyosimamishwa Berlin mwaka 1937, dinosaria wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na Elaphrosaurus yupo jumba hilo hilo. Jina la Boheti lilikaa kimya miaka mingi, hata mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mtoto aliliandika jina hilo kwa kalamu ya wino ndani ya vazi, penye mkanda wa shanta.

Nami nikamtungia ubeti:

Mifupa ya aridhini, ndiyo mwalimu wa watu,
Ilichimbwa kilimani, na watu wa huku kwetu,
Na godoro la chumbani, likawa ngozi ya chatu,
Elimu ikiwa ndani, kazi haikwami katu.